Kikao cha Kidole

Walimpa kiti kizuri kuliko vyote, kisha wakamsahau. Kilikuwa kiti cha ngozi kilichowekwa kichwani mwa meza, kirefu kiasi kwamba miguu ya mwanamke aliyekikalia haikugusa sakafu vizuri. Mkono wake wa kulia ulilazwa juu ya mto kama kichanga, umefungwa bendeji mpaka karibu na kiwiko. Ukutani mbele yake palikuwa na bango lenye picha ya mgonjwa anayecheka meno yote nje, na chini yake maneno makubwa: MGONJWA NDIYE MWENYE KAULI. Mwanamke alilisoma mara mbili, akalipenda.

Hicho ndicho kilichoitwa kikao cha maamuzi. Hospitali nyingine zote, kwa maneno ya hospitali hii, ziliwapasua watu bila kuwauliza. Hapa watu waliulizwa. Kabla ya upasuaji mgonjwa aliitwa pamoja na jamaa zake, wakaandaliwa chai katika vikombe vyenye nembo ya hospitali, na daktari bingwa mwenyewe akakaa nao, akaeleza, akasikiliza. Watu walitoka chumbani humo wakimsifu hadi getini. Ukishanyweshwa chai na daktari bingwa, unapata wapi ubavu wa kulalamika?

Jambo lenyewe lilikuwa dogo, kwa mtu ambaye kidole si chake. Mwanamke huyo alikuwa fundi wa nguo, na mtaa mzima ulimwita hivyo tu, Fundi. Asubuhi moja alikuwa akifungua kibanda chake cha kushonea, na ule mlango wa chuma wa kuvuta kutoka juu ukakatika, ukamshukia kwenye kidole cha shahada. Kiungo cha katikati kikasagika.

"Kiungo hiki hakitengenezeki tena," daktari bingwa alisema, akigonga picha ya mifupa kwa kalamu. "Nitakachofanya ni kuunganisha mfupa na mfupa kwa waya mpaka ishikane. Ikishashikana, kidole hakitakunjika tena maisha. Kwa hiyo lazima tuamue leo kibaki vipi. Naweza kukifunga kikiwa kimenyooka, au kikiwa kimepinda hivi." Akakunja chake kidogo, kama mtu anayetaka kubonyeza kengele. "Kilichonyooka kinapendeza. Ukiweka mkono mezani hakuna atakayejua kitu. Kilichopinda hakipendezi, lakini kinashika vitu. Uamuzi ni wenu."

Alisema "wenu", na macho yake yakaenda moja kwa moja kwa mtu aliyevaa tai.

Aliyevaa tai alikuwa mtoto wa kwanza wa Fundi. Nyumbani walimwita Msemaji tangu akiwa mdogo, alipokuwa akisimama juu ya kigoda na kuwahutubia kuku. Sasa alikaa mapokezi katika kampuni ya bima, akiwaambia watu wenye madai yao kwamba mhusika ametoka. Kazi hiyo ilimpa sauti ya chini, ya mtu asiye na haraka, na watu wenye vyeo walimchukulia kuwa mwenzao. Pembeni yake alikaa baba yake, karani mstaafu, mzee ambaye hajawahi kumpinga mtu yeyote mwenye muhuri. Mzee alikuwa kwenye kikombe cha pili.

Na kabla hatujamwonea huruma Fundi, tuseme ukweli. Ni yeye aliyemleta Msemaji. Tangu mtoto huyo alipojua kupanga maneno, mama yake aliacha kuzungumza na mtu yeyote mwenye meza. Ikiwa ni shule, umeme, au mwenye nyumba, alisema, "Mwanangu atakuja," na moyo wake ukajaa fahari kama sufuria ya uji. Mwanamke aliyekuwa anaweza kumfukuza kibandani mteja mjeuri kwa neno moja, mbele ya karani wa posta alikuwa bubu.

Siku iliyotangulia kikao alikuwa amemfundisha cha kusema. Alichukua kijiko kwa mkono wa kushoto, akakishika kwa ncha ya dole gumba na ncha ya kidole cha shahada, akamwonyesha.

"Kipinde hivi. Kama nimeshika sindano. Mkasi hivihivi, na kitambaa kukisukuma chini ya cherehani hivihivi. Ukisahau yote, usisahau hilo. Umeelewa, baba?"

"Nimeelewa, mama," Msemaji alijibu, macho kwenye simu.

Alikuwa ameelewa. Hilo ndilo linalotia kichefuchefu.

"Daktari," Msemaji alisema sasa, akiikaza tai, "sisi kama familia tumelitafakari suala hili kwa kina."

Hawakuwa wamelitafakari hata kwa kifupi. Mzee aliitikia kwa kichwa.

"Mama ameshonea watu maisha yake yote. Amechoka. Sasa ni wakati wake wa kukaa apumzike, kazi basi. Kwa hiyo hilo la kushika vitu halina uzito sana kwetu. Tunaomba kinyooke, mkono wake ubaki na heshima yake."

Fundi aligeuza shingo kumtazama. "Mwanangu..."

"Mama, usijali."

"Sindano mimi..."

"Mama, tunazungumza na daktari."

Msemaji alikuwa na sababu yake, na sababu yenyewe ilikuwa nyepesi kama karatasi ya pipi. Alikuwa amepata mchumba kutoka nyumba yenye geti. Kwa wakwe aliowatarajia alikuwa amesema kwamba mama yake anajishughulisha na mavazi, akaliacha hapo, wafikirie duka la vioo. Mama wa bwana harusi mwenye kidole kama ndoano, anayeshona suruali za watu kwenye kibanda cha bati, hakuwemo katika picha aliyoichora. Ile tai ilinunuliwa na kibanda hicho hicho, na kodi ya nyumba, na tumbaku ya mzee, lakini mambo kama hayo hayasemwi mbele ya daktari bingwa.

Daktari alifurahi. Alipenda familia zinazojua zinachotaka, kwa kuwa zinamaliza mapema. Akamgeukia Fundi, akatabasamu kwa upole kabisa, huku akirudisha kifuniko cha kalamu.

"Mama, una swali?"

Fundi alifungua mdomo. Alikuwa nalo swali, tena alikuwa na jibu pia, lakini ulimi wake ulikuwa umezoea likizo ya miaka mingi na haukuamka upesi.

"Hana, daktari," mzee akasema, akiweka kikombe chini. "Tunashukuru sana. Mmetupokea vizuri sana."

Wakasimama wote isipokuwa mwenye kidole, ambaye ilibidi asaidiwe kushuka kwenye kile kiti.

*

Wodini ndipo ulimi ulipoamka.

"Nilikuambia nini jana?" Fundi aliuliza, mara tu muuguzi alipotoka. "Nilishika kijiko mbele yako kwa ajili ya nini, nilikuwa nakula?"

"Mama, utanilaumu kwa kukupumzisha?"

"Nani kakuambia nimechoka?"

"Kila jioni unalalamika mgongo."

"Mgongo unauma! Nikiumwa mgongo ndio mnifunge kidole? Nenda kamwambie akipinde."

Msemaji alitazama vitanda vya jirani kuona nani anasikia. "Punguza sauti. Daktari bingwa ameshaandika. Tukirudi kumwambia tumebadili, atatuonaje?"

"Atatuona tuna kidole kinachofanya kazi."

"Atatuona watu wasiojielewa. Usinitie aibu, mama. Nimejenga uhusiano pale."

Mzee aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akapapasa godoro kwa kiganja, akaridhika nalo. "Mke wangu, hebu yaache," alisema. "Huoni tulivyokaribishwa? Mimi nilipong'olewa jino kule kwingine nilisimama ukutani tangu asubuhi, na aliyening'oa hakuniuliza hata jina. Hapa tumeulizwa. Tumeulizwa wote watatu. Hii ndiyo hospitali."

"Jino aliloling'oa ndilo lililokuwa linauma?"

Mzee akafikiri. "Ndilo."

"Basi alikutendea vizuri."

Mzee hakuona uhusiano wowote. Alisifu mapazia, akasifu sabuni ya bafuni inayotoka yenyewe ukiweka mkono, akasema angependa kuonyeshwa namna inavyofanya. Mtoto na baba wakaondoka pamoja, wakisalimia kila koti jeupe walilokutana nalo.

Fundi alimwita muuguzi. Muuguzi alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa wa kusikiliza huku akitembea. "Kubadilisha uamuzi, mama? Ni haki yako kabisa. Mwambie daktari kesho kwenye raundi." Akamsawazishia mto, akaenda zake.

Asubuhi raundi ilifika, daktari bingwa mbele, nyuma yake kundi la makoti meupe likienda kwa kasi yake. Alisimama miguuni mwa kitanda na kumuuliza msaidizi wake, "Huyu ameshirikishwa?"

"Ameshirikishwa, daktari. Jana, na familia."

"Vizuri sana. Mama, habari za asubuhi? Una swali?"

Safari hii Fundi alikuwa tayari. Usiku kucha alikuwa amelipanga neno lake kama mtu anayepanga vipande vya gauni kabla ya kuvishona. "Ninalo, daktari. Kidole changu hiki, mimi nataka..."

"Vizuri, vizuri," alisema daktari, ambaye swali lake lilikuwa la kuaga. Alikuwa ameshafika kitanda cha pili. Kundi likamfuata.

Msaidizi alibaki nyuma hatua moja. "Nini, mama?"

"Kidole nataka kipinde. Mimi fundi wa nguo. Kikinyooka sishiki sindano."

"Lakini hilo lilishazungumzwa kwenye kikao."

"Mimi sikulizungumza."

"Si ulikuwepo?"

Fundi alimtazama kijana huyo, msomi, uso umeoshwa vizuri, na akaona kwamba hakuwa anamdhihaki. Alikuwa anauliza kweli.

"Nilikuwepo," akasema.

"Basi usiogope," msaidizi akamwambia, akamshika bega. "Utakuwa salama." Na akakimbilia wenzake.

Walipomjia na kitanda cha magurudumu angeweza kukataa kupanda. Miguu ilikuwa yake, nayo haikuwa na kidonda. Angeweza kukaa chini sakafuni na kupiga kelele mpaka daktari bingwa arudi mbio na kumwinamia, na pengine ndiyo lugha pekee ambayo hospitali ile ingeisikia. Lakini Msemaji alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi na suti yake, akizungumza na muuguzi mkuu, na muuguzi mkuu anacheka. Fundi akamwona jinsi alivyopendeza. Akapanda.

Katika chumba cha upasuaji alijaribu kwa mara ya mwisho. Juu yake palikuwa na macho mawili kati ya kofia na barakoa.

"Mwambie akipinde," alisema.

"Hesabu kurudi nyuma, mama. Anzia kumi."

"Kumi," akasema Fundi. Alikuwa mtu mtiifu, na utiifu wake ulimpandisha hasira hata alipokuwa anapotelea usingizini.

*

Siku ya kutolewa waya walikwenda wote watatu. Daktari bingwa alikishika kidole, akakitazama kwa ubavu, akakigonga kwa ukucha. Kilikuwa kimenyooka kama rula.

"Kimetoka vizuri mno," alisema. Alikuwa anasema kweli. Kwa kazi ya kunyoosha, ile ilikuwa kazi safi.

Fundi alichomoa kijiko kutoka mfukoni. Alikuwa amekuja nacho kutoka nyumbani, na hakumwambia mtu. Akajaribu kukishika kwa ncha za vidole viwili. Dole gumba likajikunja kutafuta mwenzake, mwenzake akabaki mbali akitazama dari. Kijiko kikaanguka sakafuni na kulia.

"Nilitaka kipinde," alisema.

Msemaji alikohoa. Daktari alishangaa, tena kwa dhati. "Lakini kwenye kikao mlikubaliana kinyooke."

"Mimi sikukubali."

"Hukukataa, mama."

Alisema hivyo kwa upole, bila ubaya wowote, kama mtu anayemkumbusha mwenzake alipoacha mwavuli. Kisha akaeleza kwamba mfupa ukishashika umeshika, kwamba kuuvunja upya ni hatari ambayo yeye hamshauri mtu wa umri wake, na kwamba mtu huzoea. Mzee akaokota kijiko, akakifuta kwenye shati, na akamshukuru daktari.

Nje ya chumba walisubiriwa na dada wa mahusiano ya umma wa hospitali. Alikuwa na kijana wa kamera, taa juu ya mguu wa chuma, na tabasamu lililokuwepo kabla hawajafika. Hospitali ilikuwa inatengeneza mabango mapya, alisema, na daktari bingwa alikuwa amemtaja Fundi kama mfano mzuri wa mgonjwa aliyeshiriki katika matibabu yake, pamoja na familia iliyojitokeza.

"Sisi tuko tayari," alisema Msemaji, akiikaza tai.

"Tunamhitaji mama zaidi. Mama, kwanza niambie kwa maneno yako mwenyewe. Ulishirikishwa?"

Fundi alimtazama mwanawe. Mwanawe alimtolea jicho la kuomba na kuonya kwa pamoja, jicho lile lile la utotoni alipovunja kitu na wageni wamekaa.

"Nilishirikishwa," Fundi alisema. "Nilipewa kiti. Nilipewa na chai."

"Vizuri sana! Umesikia?" dada wa mahusiano alimwambia kijana wa kamera. "Sasa mama, mkono ule ule uliotibiwa. Funga ngumi, halafu nyoosha dole gumba juu, kuonyesha umeridhika. Hivi."

Fundi alifunga ngumi. Vidole vitatu vilikunjika, dole gumba likapanda kama lilivyoagizwa, na kidole cha shahada kikabaki nje, kimemwelekea Msemaji kifuani. Msemaji akasogea hatua moja kushoto. Fundi akageuka kumfuata, maana taa ilikuwa inamuumiza macho, na kidole nacho kikafuata.

"Hicho kingine kikunje kidogo, mama."

"Hakikunjiki."

"Kidogo tu, kwa ajili ya picha."

"Hakikunjiki, binti yangu. Ndicho chenyewe kilichotibiwa."

Tabasamu lilipungua kwa mara ya kwanza. Wakajaribu ubavuni, wakajaribu kwa mbali, na kila walipojaribu mwanamke yule alionekana kana kwamba anamnyooshea kidole mwizi kituo cha polisi. Mwishowe dada wa mahusiano alimfunika mkono wa kulia kwa mtandio wake mwenyewe, akamwambia anyooshe dole gumba la kushoto. Ndivyo picha ilivyopigwa. Mzee aliomba nakala.

*

Kibanda kilifungwa. Mteja wa mwisho alikuja kuchukua kitambaa chake ambacho hakijakatwa, akampa pole, na akakipeleka kwa fundi wa mtaa wa pili. Fundi alishinda nyumbani. Alipoongea kwa mikono, kama alivyozoea, watu walikwepa kidogo, na Msemaji aliacha kabisa kukaa mbele yake wakati wa kula. Kodi sasa aliilipa yeye, na ilimshangaza kila mwezi kama ugonjwa mpya.

Ndipo ikafika siku ya kwenda kwa wakwe. Msemaji aliamka mapema, akaoga kwa sabuni ya harufu, akavaa suruali iliyopigwa pasi. Alipokuwa anafunga shati, kifungo cha kifuani kikamtoka mkononi na kubingirika mpaka chini ya kabati. Akalala kifudifudi, akakitoa na vumbi lake. Kisha akafanya alichokifanya tangu akiwa na meno ya utotoni. Alilivua shati, akatoka nalo sebuleni, akalitupa mapajani mwa mama yake, na kifungo juu.

"Mama, fanya haraka, gari linakuja."

Fundi alifungua kopo lake la zamani la biskuti, akatoa sindano na uzi mweupe. Kuutia uzi alimwomba mzee, na mzee alitumia muda mwingi na mate mengi. Kisha akaweka kifungo mahali pake, akaishika sindano kwa dole gumba na kidole cha kati. Ikapinda upande, ikamchoma. Akaishika tena. Alijaribu kwa moyo wake wote. Huyo alikuwa mwanawe, na ilikuwa siku yake kubwa, na tangu alipozaliwa hajawahi kutoka mlangoni na shati lisilo na kifungo. Sindano ilianguka kwenye paja, akaitafuta kwa kiganja, akaiokota, ikaanguka sakafuni. Wakati wote huo kidole cha shahada kilisimama pembeni, safi, kizuri, bila kovu la maana, kikielekea dirishani.

Msemaji alikuwa akitazama saa. Kisha hakutazama saa tena.

"Basi, mama," alisema. "Acha."

"Ngoja."

"Acha tu, nitafunika na tai."

"Ngoja, baba. Hivi vingine vinajitahidi." Alikuwa ameinama, hakumtazama. "Hiki ndicho kilichopumzika, kama ulivyomwambia daktari."

Nje honi ililia. Msemaji alichukua shati mapajani mwa mama yake, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha. Katikati ya kifua palikuwa na tone dogo la damu ya kidole cha kati. Alisugua kwa mate likaenea. Hakuwa na shati jingine jeupe, maana yote aliyokuwa nayo yalishonwa na mtu mmoja, na mapya yalikuwa yakisubiri kibandani, yamekatwa nusu. Akalivaa hivyo hivyo, akaivuta tai juu ya tone na juu ya pengo, akaishikilia kwa kiganja.

"Usiwaache bila kuwaambia habari za hospitali," mzee alimkumbusha. "Waambie picha ya mama yako imetundikwa pale mapokezi, kubwa. Watapenda."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Msemaji alitafuta neno la kusema na hakulipata. Alisimama mlangoni, mkono kifuani, mdomo wazi, na mama yake akainua uso kumsubiri, kwa uvumilivu ambao yeye hakupewa kwenye kile kiti kirefu.

"Una swali?" Fundi akamuuliza.

Honi ililia tena, na Msemaji akatoka.